Kreti ya Mzigo Mzito Huanzia Kitakoni

Paleti ni jukwaa la mbao, plastiki au chuma linalokalishwa mzigo ili uma wa foklifti upite chini yake na kuunyanyua. Kreti ni jukwaa hilohilo likiongezewa kuta na kifuniko. Kuta zikiwa na nafasi kati ya ubao na ubao hubaki kuitwa kreti, zikizibwa kabisa huwa sanduku. Kwa mizigo ya kila siku vitu hivi havisumbui mtu. Simenti, sabuni, vigae na mchele hupangwa juu ya paleti ya dukani, hufungwa mkanda, na safari huanza. Shida huja pale mzigo unapokuwa jenereta ya tani nane, gia boksi ya kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, au sanamu ya Kimakonde iliyochongwa kwenye gogo zima la mpingo. Hapo hakuna paleti ya dukani inayofaa. Inabidi itengenezwe kwa kipimo cha mzigo wenyewe.

Viwango vya kimataifa vipo. ISO 6780 inataja vipimo sita vya paleti, kikiwemo cha milimita 1,200 kwa 1,000 na kile cha Ulaya cha milimita 1,200 kwa 800. Paleti hiyo ya Ulaya ina uzito wa kama kilo 25 na imeruhusiwa kubeba kilo 1,500. Tarakimu hii imewaponza wengi, kwa kuwa ina sharti ndani yake: mzigo uwe umetandazwa sawasawa juu ya paleti nzima. Mifuko ya simenti hutimiza sharti hilo bila kuombwa. Mashine haitimizi. Ina miguu minne ya chuma, kila mmoja mdogo kuliko kiganja, na miguu hiyo huangukia ubao mmoja mmoja wenye unene wa milimita 22. Ndiyo maana mashine ya tani moja huweza kuvunja paleti iliyobeba tani moja na nusu ya simenti asubuhi hiyohiyo.

Kazi ya kwanza basi ni kuujua mzigo, kabla hata mbao hazijatajwa. Urefu, upana na kimo hupimwa kwa futi kamba, pamoja na kila kinachochomoza: mabomba, mikono, masanduku ya umeme, vishikizo. Uzito husomwa kwenye kibati cha mtengenezaji, lakini kibati hutaja mashine ikiwa tupu. Mafuta, maji na vipuri vilivyofungwa juu yake baadaye havimo. Kwa mzigo wa tani kadhaa, kupima upya mizanini ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kreni iliyoelemewa.

Jambo la tatu ndilo husahaulika mara nyingi, nalo ni kitovu cha uzito, yaani pale ambapo mzigo ungening'inia bila kuinama upande wowote. Jenereta ina injini upande mmoja na kizalishi cha umeme upande mwingine, na pande hizo hazilingani uzito. Kukipata kitovu si kazi ya mhandisi peke yake. Mzigo ukikalishwa juu ya mizani mbili zilizo mita 2 kutoka moja hadi nyingine, upande wa injini ukasoma tani 5 na upande wa pili tani 3, jumla ni tani 8. Uzito wa upande mwepesi huzidishwa kwa mita 2, kisha jawabu hugawanywa kwa 8. Hupatikana sentimita 75, nao ndio umbali wa kitovu kutoka kwenye mizani ya injini. Atakayeweka uma wa foklifti katikati ya urefu, penye mita 1, atakuwa amekosea kwa sentimita 25, na upande wa injini utabaki chini wakati upande wa pili unapanda.

Baada ya mzigo huchunguzwa safari. Wengi huifikiria bandari, na bandari ndiyo mahali penye kreni kubwa, sakafu ngumu na watu waliozoea. Ugumu uko kwingine: ghala la mji mdogo lenye foklifti moja ya tani 3, mgodi ambao barabara yake ni ya vumbi, hospitali ambayo mashine ya eksirei lazima ipite kwenye mlango wa sentimita 120. Kreti hupimwa kwa kituo hicho kigumu kuliko vyote, na vituo vingine vyote vitaimudu.

Mfano wa zamani wa kanuni hii uko Lindi. Kati ya 1909 na 1913 wachimbaji wa makumbusho ya Berlin walitoa katika kilima cha Tendaguru zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria. Kazi ilifanywa na mamia ya wenyeji, na miongoni mwa wasimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Kulikuwa na vichwa na mabega ya wapagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30. Meli ingeweza kubeba masanduku ya tani nzima, ila meli haikufika Tendaguru. Mifupa mikubwa iligawanywa vipande, na mingi ikafungwa ndani ya vizimba vya mianzi, myepesi na migumu, iliyopatikana hukohuko. Mifupa hiyo ndiyo iliyounda kiunzi kinachosimama leo Berlin kwa kimo cha zaidi ya mita 13, na baadhi ya vizimba vile vimebaki kwenye makumbusho hayo bila kufunguliwa kwa zaidi ya miaka 100.

Siku hizi kipimo kinachotawala safari nyingi ni mlango wa kontena. Kontena la futi 20 lina urefu wa ndani wa kama mita 5.90 na upana wa mita 2.35, lakini mlango wake una upana wa mita 2.34 na kimo cha mita 2.28. Kontena la futi 40 lenye kimo kirefu lina mlango wa kimo cha mita 2.58. Kreti haiwezi kujaza nafasi hiyo yote, kwa sababu foklifti inapoiingiza huinyanyua kidogo, na mikono ya watu inahitaji pa kupita. Kimo cha mita 2.15 kwa kontena la kawaida na mita 2.45 kwa lile refu huacha nafasi ya kutosha. Mzigo ukizidi hapo, huhamia kwenye kontena lisilo na paa, linalopakiwa kwa kreni kutoka juu, au kwenye jukwaa la chuma lisilo na kuta za pembeni. Vyote viwili ni ghali zaidi, na vyote hufunikwa kwa turubai tu au huachwa wazi, hivyo kreti yenyewe hulazimika kuzuia mvua na maji ya bahari.

Barabarani kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari, mzigo na tela kwa pamoja, na kila ekseli ina ukomo wake. Kwa hiyo haitoshi uzito wote kuwa halali. Kreti ambayo kitovu chake kimeegemea nyuma inaweza kuzidisha uzito kwenye ekseli moja huku jumla ikiwa chini ya tani 56. Mzigo usiogawanyika unaozidi ukomo huhitaji kibali maalumu na tela la chini, lile linaloitwa lobedi. Kimo cha kreti hapo kinakuwa na thamani ya pekee, kwa kuwa kila sentimita iliyoongezwa chini huonekana kwenye madaraja na nyaya za umeme.

Swali linalofuata ni kama mzigo usafiri mzima au ufunguliwe. Jibu la kihistoria liko Kigoma. Meli ambayo leo inaitwa MV Liemba ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen. Meli ya zaidi ya mita 70 isingeweza kufika Ziwa Tanganyika kwa njia ya maji. Ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikafungashwa katika masanduku ya mbao yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati iliyokuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Ikaungwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Kwa ukubwa, kila sanduku lililazimika kufuata behewa la reli. Kwa mpangilio, lililazimika kumfuata fundi wa kuunga, maana kipande kinachohitajika kwanza kikiwa kwenye sanduku la mwisho, kazi husimama. Anayefungua mtambo leo ana wajibu uleule: kila kipande kiwe na namba, kila sanduku liwe na orodha yake ndani na nyingine nje, na bolti za kipande zisafiri na kipande chake.

Yote hayo yakishajulikana, fundi huanza na kitako. Ndicho sehemu inayostahili fedha na fikra kuliko nyingine zote, na ndicho ambacho wateja hupenda kukipunguzia gharama kwa kuwa hakionekani. Kitako cha mzigo mzito si paleti iliyoongezwa unene. Kina boriti mbili, tatu au zaidi zinazokwenda kwa urefu, juu yake boriti za kukingama zilizowekwa hasa pale miguu ya mashine inapotua, na mwisho mbao za sakafu, ambazo kazi yake ni kujaza nafasi tu. Uzito ushuke kutoka mguu wa mashine kwenda boriti ya kukingama, kutoka hapo kwenda boriti ya urefu, kisha ardhini. Mguu wowote unaokanyaga ubao wa sakafu peke yake ni kosa.

Nguvu ya boriti inapopinda hutegemea upana wake mara moja na kimo chake mara mbili, yaani kimo kwa kimo. Boriti ya sentimita 10 kwa 15 iliyosimama ina nguvu mara 2.25 ya ile ya sentimita 10 kwa 10, ingawa mbao iliyoongezeka ni nusu tu. Ukakamavu, yaani uwezo wa kutonepa, huongezeka zaidi: mara 3.375. Ubao wa mbili kwa sita uliosimamishwa kwa ubavu wake una nguvu mara tatu ya ubao huohuo uliolazwa, na hunepa mara tisa pungufu. Ni mbao ileile, msumeno uleule, bei ileile. Fundi anayelaza mbao zake kwenye kitako anatupa theluthi mbili za nguvu aliyokwisha kuilipia. Kusimamisha kuna sharti lake: boriti iliyosimama inaweza kulala upande mzigo unaposukumwa, kwa hiyo huhitaji vipande vya kuishikilia katikati na mwishoni.

Umbali kati ya sehemu zinazokibeba kitako nao una maana. Kitako kinapokaa sakafuni, boriti zake za urefu hubebwa kote, na hata dhaifu huonekana imara. Foklifti inapokinyanyua, uzito wote hubebwa na uma mbili zilizo katikati, na ncha za kitako hubaki hewani. Kreni inapokinyanyua kwa ncha, hali hugeuka na katikati ndiko kunakonepa. Kitako kinachokokotolewa kwa kukaa tu kitavunjika siku ya kupakiwa. Jaribio la busara ni kukinyanyua sentimita chache kwa njia zote mbili kabla ya kuta kupigwa, kikiwa na mzigo wake, na kuangalia kwa rula kimenepa kiasi gani.

Nafasi ya kuingiza uma iwe na kimo cha kama sentimita 10, na uma upite mpaka boriti ya mbali. Kreti yenye upana wa mita 2 ikinyanyuliwa kwa uma wa mita 1.2 kitovu chake kitakuwa mita 1 kutoka kwenye mlingoti wa foklifti, ilhali uwezo ulioandikwa kwenye foklifti nyingi hupimwa kitovu kikiwa sentimita 50 tu. Foklifti ya tani 5 hapo si ya tani 5 tena. Kama kituo cha mwisho hakina foklifti kabisa, ncha za boriti za urefu hukatwa mshazari chini, ili kreti ikokotwe juu ya mabomba bila kuchimba udongo. Na kama kreti itaingia kwenye kontena, boriti hizo zilale kwa urefu wa kontena. Sakafu ya kontena hushikwa na vyuma vinavyokwenda kwa upana, na boriti ndefu hugawa uzito juu ya vyuma vingi badala ya viwili.

Mbao zenyewe hazihitaji kuwa za fahari. Msindano, kama ule wa shamba la miti la Sao Hill wilayani Mufindi, hutosha kwa kazi nyingi: ni mwepesi, hupokea msumari bila kupasuka na hukauka haraka. Mkaratusi una nguvu zaidi na hufaa kwa boriti za kitako, ila hupinda na kupasuka ukikaushwa vibaya, na lazima utobolewe kabla ya kupigwa msumari. Mninga na mvule ni kupoteza mali. Anayechagua mbao aangalie vifundo: kifundo kikubwa kwenye ukingo wa chini wa boriti, katikati ya urefu wake, ndipo boriti itakapoanzia kuvunjika, kwa sababu huko ndiko nyuzi zinakovutwa zaidi. Boriti hiyohiyo ikigeuzwa, kifundo kikawa juu, hufanya kazi vizuri zaidi.

Misumari hushikilia kuta, si kitako. Boriti za kitako hufungwa kwa bolti, nati na washa pana, kwa kuwa msumari hutoka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa safari ndefu. Hata kwenye kuta, msumari uliosokotwa hushika kuliko ulio laini, na urefu wake uwe karibu mara tatu ya unene wa ubao unaopigiliwa. Uliopigwa kwenye kichwa cha ubao, kufuata nyuzi, hushika kidogo mno kutegemewa.

Mashine hufungwa kwenye kitako na si kwenye kuta. Hili lisemwe waziwazi, maana kreti nyingi zinazofika zimebomoka zilikuwa na mashine iliyozuiwa na kuta peke yake. Miongozo ya kimataifa ya upakiaji wa kontena, iliyotolewa mwaka 2014, huhesabu kwamba lori linapofunga breki mzigo husukumwa mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwenye kona asilimia 50 kwa upande. Kwenye bahari iliyochafuka nguvu ya upande nayo hufika asilimia 80. Mashine ya tani 5 husukuma basi kama tani 4, na hakuna ukuta wa mbao za inchi moja uliojengwa kwa ajili hiyo. Bolti zinazopita kwenye miguu ya mashine hadi chini ya boriti, vizuizi vya mbao vilivyofungwa mbele na nyuma yake, na mikanda ya chuma inayovuta kwenda chini, ndivyo hufanya kazi hiyo. Kuta huzuia mvua, vumbi, mikono na michubuko.

Uchaguzi wa kuta ni mwepesi. Kreti ya mbao zilizoachana hufaa kwa chuma kisichoogopa mvua, na ina faida kwamba wapakuaji na maofisa wa forodha huona kilichomo bila kuibomoa. Sanduku la plaiwudi hufaa kwa mitambo yenye umeme na kwa vyombo vya hospitali. Kila ukuta uwe na mbao za mshazari kutoka kona hadi kona. Pembe nne hulala upande zikisukumwa, pembe tatu hailali. Kifuniko kijengwe cha kubebeshwa mzigo mwingine hata kama imeandikwa nje kwamba kisibebeshwe, kwani bandarini maandishi hayasomwi saa zote.

Adui anayefuata ni maji, na mengi hutoka ndani. Mbao zenye uzito mkavu wa kilo 200 na unyevu wa asilimia 30 zina lita 60 za maji. Zikikauka njiani hadi asilimia 15, lita 30 zimekwisha toka na kubaki ndani ya kontena lililofungwa. Mchana hewa hupata joto na kuyapokea. Usiku paa la chuma hupoa, na maji hudondoka juu ya mzigo kama mvua. Mbao zikisinyaa, bolti zake nazo hulegea, hivyo zikazwe tena siku chache baada ya kufungwa. Mashine hufunikwa kwa mfuko wa nailoni nzito au karatasi ya alumini, ikiwekewa vifuko vya kunyonya unyevu, na mfuko huzibwa kabisa. Mfuko ulioachwa wazi kidogo huingiza unyevu na kuuzuia usitoke.

Nyuso za chuma zilizosuguliwa hupakwa grisi. Liemba ina ushahidi wake hata hapo. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakati wa vita, wakiwa wamepaka injini zake grisi nzito. Ilitolewa majini mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Injini zilizolala miaka kadhaa chini ya ziwa zikaweza kutumika tena.

Mbao za kreti inayovuka mipaka zina sheria yake, na ni sheria yenye sababu. Mwaka 1996 mbawakawa wenye pembe ndefu wa Asia, wanaotoboa miti hai hadi ife, waligunduliwa Brooklyn, New York. Walikuwa wameingia ndani ya mbao za vifungashio. Mnyoo wa misindano, wa asili ya Amerika ya Kaskazini, aligunduliwa Ureno mwaka 1999. Mwaka 2002 ikapitishwa kanuni ya kimataifa ya afya ya mimea inayojulikana kama ISPM 15. Inadai mbao ziondolewe magome, kisha zipashwe joto la nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, joto hilo likiwa limefika kwenye kiini cha ubao, au zifukizwe kwa gesi iliyokubaliwa. Sharti la kiini ndilo lenye uzito kwa kreti kubwa: ubao wa inchi moja hufikia joto hilo mapema, boriti ya sentimita 15 huhitaji saa nyingi zaidi katika tanuri. Fundi anayeweka zote pamoja na kuzitoa pamoja, akipima ubao mwembamba, hajazitibu boriti.

Mbao zilizotibiwa hupigwa muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, kama TZ au KE, namba ya mtengenezaji, na herufi za matibabu: HT kwa joto, MB kwa gesi ya methaili bromaidi. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na Umoja wa Ulaya umeacha kuitumia tangu 2010, kwa hiyo joto ndilo chaguo la busara. Nchini Tanzania usimamizi wa afya ya mimea uko kwa TPHPA, nchini Kenya kwa KEPHIS. Plaiwudi na mbao zilizobanwa kwa gundi na joto hazihitaji muhuri, wala vipande vyembamba vya milimita 6 au pungufu. Sanduku la plaiwudi lenye boriti za mbao za kawaida linauhitaji kwa sababu ya boriti. Kabari na vipande vya kuzuilia mzigo ndani ya kontena vinauhitaji pia, na hivyo ndivyo husahaulika: kreti imepigwa muhuri kila upande, kisha dakika ya mwisho mtu anaokota kipande cha ubao nje ya ghala na kukigongomea chini yake. Kontena zima huweza kuzuiwa, kurudishwa au mbao zake kuteketezwa kwa ajili ya kipande hicho. Muhuri wa HT pia hausemi kuwa mbao ni kavu. Unasema wadudu wamekufa.

Nje ya kreti huandikwa uzito wote, vipimo, mahali pa kupitisha uma, kitovu cha uzito kwenye pande zote, na mahali pa kufunga kamba. Alama za picha ni bora kuliko maneno, kwa kuwa zinasomwa Hamburg kama zinavyosomwa Tanga. Alama ya kamba haitoshi bila kufikiria pembe. Kamba mbili zinazoinuka kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa kreti hubeba kila moja asilimia 58 ya uzito. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja hubeba uzito mzima, na zote mbili huminya kreti kutoka pembeni kwa nguvu ya karibu asilimia 87 ya uzito huo. Kreti pana hulazimika ama kuwa na kamba ndefu, ama kunyanyuliwa kwa boriti ya chuma ya kutanulia kamba.

Gharama ya kreti haiishii kwa fundi. Ndege hulipisha mita moja ya ujazo kama kilo 167 hata mzigo ukiwa mwepesi kuliko hapo. Sanduku la mita 2 kwa 1.5 kwa 1.5 lina mita za ujazo 4.5, sawa na kilo 750 za malipo. Likiongezwa sentimita 10 kila upande hufika mita za ujazo 6.36, karibu kilo 1,060. Kilo 310 zimelipiwa hewa. Kwa ndege, basi, vipimo hubanwa na plaiwudi hupendelewa. Kwa meli na kwa barabara mbovu, kitako kizito ni akiba. Mzigo unaokwenda na kurudi, kama gia boksi inayopelekwa kwa mtengenezaji kila inapochakaa, unastahili fremu ya chuma yenye bolti, ambayo hulipa gharama yake baada ya safari chache.

Iko mizigo mizito isiyohitaji kreti. Vibamba vya shaba vinavyoshuka kutoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam hufungwa kwa mikanda ya chuma katika vifurushi vya tani mbili hadi tatu, na vyenyewe ndivyo paleti. Transfoma kubwa za tani zaidi ya 100 husafiri zikiwa uchi juu ya tela, mafuta yametolewa na gesi kavu imejazwa. Kinachofungashwa ni vihami vyake vya kauri, ambavyo huhitaji kreti ndefu na laini kuliko kitu chochote kingine kwenye msafara huo.

Kreti ikifika, hufunguliwa kwa kuanza na kifuniko, kisha kuta, na mashine hubaki juu ya kitako mpaka ifike pale itakapokaa. Mbao zinazobaki hugeuka vitanda, milango, mabanda ya kuku na kuni. Zenye muhuri wa HT zimepashwa joto tu na hufaa kwa mengi ya hayo. Zenye muhuri wa MB, au zilizolowa mafuta ya mashine, ziachwe mbali na jiko na mbali na kitanda cha mtoto. Kabla ya kung'oa msumari wa kwanza, utafutwe muhuri na usomwe.